MTOTO WA MIAKA SITA SI MTOTO?

NENDA asubuhi ya siku ya kliniki kwenye zahanati yoyote ya Serikali, iwe Mbagala, Tandika, Tandale au Manzese. Utawakuta akina mama wamepanga foleni tangu alfajiri, watoto migongoni, kadi mikononi. Mtoto anavuliwa nguo, anatundikwa kwenye mizani kama mzigo wa sokoni, analia, anateremshwa. Nesi anaweka nukta kwenye kadi. Nukta ikipanda, mama anatabasamu. Ikishuka, mama anaulizwa maswali. Baada ya hapo ni sindano, matone, na safari ya kurudi nyumbani.

Hilo ni jambo jema na hatutalibeza. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Uchunguzi wa afya wa kitaifa wa mwaka 1999 ulionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai nchini, 147 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Uchunguzi kama huo wa mwaka 2022 ulikuta 43. Nyuma ya tarakimu hizo kuna chanjo, kuna vyandarua, kuna dawa za malaria zilizo bora kuliko zile za zamani, na kuna manesi wanaofanya kazi usiku na mchana kwa mshahara ambao kigogo angeumaliza kwa mafuta ya shangingi lake.

Swali letu la leo ni jingine. Mtoto huyo akishatimiza miaka mitano, ile kadi inakwenda wapi? Inakunjwa, inawekwa chini ya godoro pamoja na picha za harusi, basi. Tangu siku hiyo hakuna tena mizani wala nukta, na hakuna anayemwuliza mama yake maswali. Yeye na wakubwa watakutana vizuri akishatimiza miaka 18, siku ya kuandikishwa kupiga kura. Hapo ndipo atakapokumbukwa kwamba ni kijana, ni nguvu kazi, ni taifa la kesho. Atapewa fulana na kofia.

Katikati hapo kuna miaka 13. Miaka 13 mizima! Huo ndio umri wa kukimbia barabarani kwenda shule, wa kuvunja ndoa na wanasesere, wa kubalehe, wa kuonja sigara ya kwanza na kuingia kijiweni. Ndio umri ambao msichana anaweza kurudi nyumbani na mimba badala ya daftari. Na ndio umri ambao mfumo wetu wa afya umeupa kisogo.

NANI ALICHORA MSTARI?

Tusiwe wepesi wa kusahau. Mwaka 1993 Serikali ilianza kutoza ada katika hospitali zake, ikianzia na hospitali kubwa. Wakaita uchangiaji wa huduma. Ili walalahoi wasipige kelele mno, yakawekwa makundi ya msamaha: wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na wengineo, pamoja na yule maskini atakayethibitisha umaskini wake kwa barua.

Kwa nini miaka mitano? Mstari huo haukuchorwa kwa ulevi. Utafiti wa dunia nzima unaonyesha kwamba mtoto mdogo ndiye anayekufa kwa urahisi zaidi, kwa hiyo ukiwa na shilingi chache ni busara uzianzie huko. Hatuna ugomvi na hesabu hiyo. Ugomvi wetu ni kwamba mahali pa kuanzia pamegeuzwa kuwa mahali pa kumalizia. Zaidi ya miaka 30 imepita, na mtoto aliyetimiza miaka sita bado anahesabiwa dirishani sawasawa na baba yake.

Mbu wa Mbagala hakagui cheti cha kuzaliwa kabla ya kuuma. Kipindupindu cha mvua za masika hakiulizi mtu yuko darasa la ngapi. Ila karani wa dirishani anauliza.

Wewe msomaji, unayefanya kazi ya saidia fundi, unayepiga debe kituoni, unayetembeza mitumba jua kali, unaujua mchezo huu kuliko sisi. Mtoto ana homa. Mfukoni una hela ya sembe. Unakwenda duka la dawa la kona, unanunua nusu dozi. Homa inatulia, siku ya nne inarudi na dada yake. Sasa ndiyo unakwenda hospitali, na sasa gharama ni mara tano. Barua ya msamaha? Ofisa wa mtaa yuko kwenye kikao. Rudi kesho. Kesho naye kaenda semina.

KADI YA SHILINGI 50,400

Palipata kutokea mwanga. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulianzisha mpango ulioitwa Toto Afya Kadi. Kwa shilingi 50,400 kwa mwaka, mtoto yeyote wa chini ya miaka 18 alitibiwa. Piga hesabu: ni shilingi 4,200 kwa mwezi, ni kama shilingi 140 kwa siku. Hata kabwela wa Kigogo aliweza kujinyima chai akamkatia mwanawe kadi. Wengi walifanya hivyo.

Machi 2023 Mfuko ukatangaza kusimamisha utaratibu wa kumwandikisha mtoto mmoja mmoja. Wazazi wakaambiwa watoto waandikishwe kupitia shule zao au waingie katika vifurushi vya familia. Tangu hapo masharti yamebadilika zaidi ya mara moja, na mzazi wa Temeke amebaki akiuliza majirani kama vile anauliza bei ya nyanya.

Tuwe wakweli. Mfuko ulikuwa na hoja yake: makusanyo ya kadi za watoto yalikuwa madogo mno kuliko malipo ya matibabu yao, kwa sababu wazazi wengi walikimbilia kukata kadi mtoto akiwa tayari mgonjwa. Bima haiwezi kuishi kwa wagonjwa peke yao. Hilo ni kweli, na atakayekwambia vinginevyo anakutania.

Lakini sikiliza ushahidi huo huo kwa sikio la pili. Kama mzazi hakuja mpaka mtoto alipougua, na alipougua akaja mbio na shilingi 50,400 mkononi, maana yake ni nini? Maana yake huko mitaani kulikuwa na wagonjwa wa miaka saba, wa miaka 11, wa miaka 15, waliokuwa wamekaa ndani bila matibabu wakisubiri mlango ufunguliwe. Wenye moyo, sikoseli, figo, kansa. Hasara ya Mfuko ilikuwa ndiyo takwimu ya maradhi ya watoto ambayo hakuna mtu aliyekuwa ameihesabu. Wakubwa walipoiona hesabu hiyo wakashika daftari la mapato, wakatikisa kichwa, wakafunga mlango.

Hivi ndivyo nchi inavyotibu homa kwa kuvunja kipimajoto!

UTAFITI UMESEMA, NANI AMESIKIA?

Wapo watakaosema hakuna fedha za kubahatisha, kwanza tuchunguze vijana wanahitaji nini. Jamani, tumechunguzwa mpaka tumekwisha. Tatizo ni kwamba majibu yakitoka yanakwenda kulala kabatini Muhimbili na Ulaya, na sisi tuliochunguzwa hatusomewi.

Tuanze na Mwanza. Mwaka 1998 ulianza huko mpango uliopewa jina la MEMA kwa Vijana. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, AMREF, wataalamu wa London na wizara zetu waligawa maeneo 20 mafungu mawili. Katika maeneo 10, wanafunzi wa darasa la tano hadi la saba walifundishwa afya ya uzazi, wahudumu wa zahanati wakaelekezwa kuwapokea vijana bila kuwakaripia, na vijana wenyewe wakasambaza kondomu. Maeneo 10 mengine yakaachwa kwanza ili yalinganishwe. Vijana wakapimwa miaka mitatu baadaye, wakapimwa tena mwaka 2007 na 2008.

Matokeo? Waliofundishwa walijua zaidi, na elimu hiyo ilidumu kichwani miaka mingi. Lakini damu ilipopimwa, maambukizi ya virusi vya UKIMWI na ya malengelenge ya sehemu za siri hayakuwa yamepungua. Kujua walijua, na bado wakaambukizwa. Kwa nini? Kwa sababu msichana anayehitaji sabuni, daftari na nauli hawezi kumshinda mwenye nazo kwa mafunzo ya darasani. Elimu haikuwa na kosa. Kosa ni kuipeleka peke yake vitani bila silaha nyingine.

Sasa tuje nyumbani, Kinondoni. Katika miaka ya 2010 watafiti wa Muhimbili na wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani, waliingia vijiweni. Ndiyo, vijiweni! Waliona jambo ambalo polisi na madiwani wamekataa kuliona: kwamba maskani si genge la wahuni tu. Vijana wenyewe huziita kambi, na nyingi zina viongozi wa kuchaguliwa, zina michango, zina wanachama wanaozikana na kuuguzana. Watafiti wakachukua kambi kama 60. Katika nusu yake wakawafundisha viongozi kuzungumza na wenzao juu ya UKIMWI na juu ya kupiga wanawake, na vijana wakapewa mafunzo ya biashara na mikopo midogo.

Matokeo yalipotoka, kambi zilizosaidiwa na zisizosaidiwa hazikutofautiana vya kutosha, si kwa magonjwa ya zinaa, si kwa ukatili dhidi ya wapenzi wao. Wapo watakaocheka. Sisi hatucheki. Utafiti unaosema ukweli mchungu ni bora kuliko semina kumi zinazosema uongo mtamu. Unatuambia hivi: mtu aliyeachwa tangu akiwa na miaka mitano huwezi kumrekebisha akiwa na miaka 25 kwa mkopo mdogo na mazungumzo ya jioni. Mmechelewa.

Tena kuna hili la aibu. Mwaka 2009 Tanzania ilifanya uchunguzi wa kitaifa juu ya ukatili kwa watoto, na matokeo yakatangazwa 2011. Karibu wasichana watatu katika kila kumi, na mvulana mmoja katika kila saba, walisema walifanyiwa ukatili wa kijinsia kabla ya kutimiza miaka 18. Rudia tena hilo la wavulana. Ukikaa maskani na wenzako 14, hesabu ya nchi inasema wawili miongoni mwenu wamebeba siri ambayo hakuna mhudumu wa afya aliyewahi kuwauliza. Wanacheka, wanapiga stori za mpira, na siri iko pale pale. Kijana huyo alikwenda wapi akiwa na miaka kumi? Dirisha gani lilimfungukia?

KILICHOFANYA KAZI

Asije mtu akasema tunalalamika tu. Yapo yaliyofanikiwa, na ukiyapanga mstari mmoja utaona yanafanana.

Mkoani Tanga, katika miaka ya 1990, ilionekana kwamba mwalimu wa kawaida wa shule ya msingi anaweza kugawa dawa za minyoo na kichocho kwa gharama ndogo. Hakuhitajika daktari bingwa. Mtoto yuko darasani, dawa inamfuata darasani.

Mwaka 2018 nchi nzima ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 14 dhidi ya virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi. Mwaka 2024 ikawa dozi moja, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Chanjo iliwafuata shuleni. Hawakuambiwa waje na barua ya mtaa.

Na hapa hapa Dar es Salaam, shirika la Amend liliendesha mpango unaoitwa SARSAI kwenye shule za msingi zenye watoto wengi wanaogongwa na magari. Hakikufanyika kitu cha maajabu: matuta, vivuko, njia ya waenda kwa miguu, alama, na mafunzo kwa wanafunzi. Watafiti wakalinganisha shule hizo na nyingine ambazo hazijaguswa. Watoto wanaojeruhiwa barabarani walipungua kwa kiasi cha asilimia 26. Mwaka 2019 mpango huo ukapewa tuzo ya kimataifa ya miji. Dunia imepiga makofi kwa tuta la Dar es Salaam, huku shule nyingi za pembezoni mwa Dar es Salaam hazina tuta!

Na ajali si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2018 kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wa miaka 5 hadi 29 duniani. Miaka mitano mpaka 29: soma tena. Linaanza pale pale kadi ya kliniki inapokunjwa. Katika umri huo tuta mbele ya lango la shule ni dawa kama ilivyo sindano.

Mizani ya kliniki, dawa za Tanga, chanjo ya shuleni, tuta la barabarani. Vyote vinafanana kwa jambo moja: huduma ilimfuata mtoto mahali alipo, bila kumtoza, bila kumwuliza baba yake ni nani. Palipofanyika hivyo, watoto walinusurika. Palipopelekwa maneno matupu, watoto walielimika wakaumia.

TUNATAKA NINI?

Kwanza, mstari wa miaka mitano ufutwe. Sheria zetu zinamwita mtu mtoto mpaka afikishe miaka 18 anapotakiwa kutii. Basi awe mtoto mpaka miaka 18 anapougua pia. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Mtoto aingizwe humo kwa haki yake, hata kama baba yake ni mpiga debe asiye na hati ya mshahara. Kama hesabu haitoshi kwa mara moja, waanze na wote walio shule ya msingi, lakini waanze.

Tutaambiwa fedha hakuna. Mwaka 2001 viongozi wa Afrika walikaa Abuja wakaahidi asilimia 15 ya bajeti zao iende kwenye afya. Sahihi ya Tanzania imo, na mwaka hadi mwaka tumebaki chini ya ahadi hiyo. Asiye na fedha za dawa ya mtoto hana haki ya kuwa na fedha za msafara wa magari 20.

Pili, kila shule ya msingi na sekondari iwe na siku yake ya mizani kama ilivyo kliniki. Mara moja kwa muhula mhudumu wa zahanati ya jirani aje apime macho, masikio, uzito na damu, na awe na chumba chenye mlango unaofungwa ambamo mtoto, wa kike au wa kiume, anaweza kusema linalomsibu. Hilo halihitaji msaada wa Ulaya. Linahitaji ratiba.

Tatu, hakuna utafiti kwa vijana wa Kinondoni au Temeke uondoke bila majibu kusomwa katika mkutano wa mtaa, kwa Kiswahili, mbele ya waliotoa damu na muda wao. Mwenye kuchinja ng'ombe uani kwako hawezi kukunyima hata mchuzi.

Nne, halmashauri zote za jiji hili zianze bajeti ya barabara kwenye lango la shule, kisha ndiyo ziende kwenye lango la mheshimiwa.

Mwisho tunageuka kwako wewe ndugu uliyekaa kwenye benchi la kijiweni, gazeti hili likizunguka mkono kwa mkono. Usidhani haya ni mambo ya akina mama. Mwenye miaka sita aliyelala ndani na homa ni mwanao, au mdogo wako, au ni wewe miaka 15 iliyopita. Umepimwa, umehojiwa, umeandikwa vitabuni. Sasa ni zamu yako kuuliza. Diwani akipita kuomba kura, usimwulize ataleta jezi ngapi. Mwulize swali moja tu, na msimwache aondoke mpaka alijibu:

Mtoto wa miaka sita katika kata hii akiugua usiku wa leo, na baba yake hana kitu, anatibiwa wapi?